Picha ya Kukaa Wima

Mume wangu anajua undani wa watu wa mji huu kuliko mtu yeyote, na sisemi umbeya. Kazi yake ni kupiga eksirei katika hospitali ya serikali. Ameona mbavu za muuza nyama, nyonga za mwalimu mkuu, na mapafu ya yule jirani anayeapa kila siku kwamba sigara ameacha. Kesho yake anakutana nao njiani, anawasalimu kama kawaida na kupita. Mimi ni msusi, mdomo ndio nusu ya kazi yangu, na sijui nimembembeleza mara ngapi anipe japo kipande kidogo cha habari nikachangamshe saluni. Wapi! "Ya chumbani yanabaki chumbani," anasema, halafu anaendelea kula. Wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba waume zao hawana breki mdomoni, na mimi najivunia wangu. Nilijivunia kweli kweli.

Baba yangu alikuwa mwashi. Mji mzima walimwita Mzee Timazi, kwa sababu ya kile kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi kupimia kama ukuta umesimama sawa. Hata alipostaafu aliendelea kutembea nacho mfukoni. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hujamletea maji, keshaupima mwimo wa mlango wako na kukutangazia kwamba fundi wako alikuwa mwizi. Mwenyewe alikaa kama alivyojenga. Sikuwahi kuona mgongo wake ukigusa mgongo wa kiti, na tulipokuwa watoto tulikuwa tukisema chini chini kwamba alimeza timazi akiwa mdogo.

Sasa ungewaona hao wawili wakiwa pamoja, ungecheka. Mume wangu akimwona baba anageuka mtu mwingine. Sauti inashuka, macho yanatafuta sakafu. Baba akisimama, naye anasimama. Baba akisema leo mvua itanyesha, yeye anakwenda kuanua nguo, jua linawaka vile vile. Na baba naye hakuwahi kukaa mbele ya mkwe wake bila shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Miaka yote ile mazungumzo yao yalikuwa salamu, habari za kazi, kisha kimya.

"Mnaogopana nini nyinyi?" niliwauliza siku moja. "Mmeibiana kuku?"

Shangazi yangu, dada yake baba, alinikata jicho hilo mpaka nikanywea. "Hiyo ndiyo heshima, mwanangu," alisema. "Wenzako wanaitafuta hawaipati. Shukuru."

Nikashukuru.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikwenda kwa baba kumfulia, nikamkuta na shangazi, wanabishana kama kawaida yao. Baba alikuwa amesimama dirishani akiutazama ukuta mpya wa jirani. Magoti yalikuwa yakimsumbua miezi mingi, na kwa ajili hiyo alikuwa akinunua vidonge vya maumivu duka la dawa na kuvitafuna kama karanga, chakula kiwepo kisiwepo. Ukimwambia, anakwambia wewe ulisomea nywele.

"Ukuta ule umelewa," alisema, akacheka. "Angalia pale kwenye kona. Umelewa chakari."

Kisha akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno lingine la kumtukania fundi. Nilipogeuka nikamwona ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, na jasho linamtiririka usoni, na uso wenyewe umekuwa wa kijivu.

"Baba?"

Alijishusha taratibu mpaka sakafuni, akajilaza chali, akatulia. "Nimechomwa kisu," alisema. "Hapa." Akaonyesha chini kidogo ya kifua.

"Gesi hiyo," shangazi alisema. "Maharage ya jana. Mpe maji ya moto."

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja tumboni pake. Jamani! Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Si ule ugumu wa mtu aliyeshiba. Ukigonga ungedhani utasikia mlio. "Usiniguse, mama," baba alisema. Mama ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. "Usinisogeze kabisa." Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakugaagaa. Mtu mwenye tumbo la kawaida hujikunja, hujigeuza, huamka, hukaa. Baba alilala tuli na kupumua juu juu, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Tukampakia kwenye teksi yeye akiwa amekaza meno. Tulipofika hospitali, kabla hajakubali kuwekwa kwenye machela, alinitaka nimfunge kifungo cha juu cha shati.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, lakini alijua alichokuwa akifanya, hilo simnyimi. Alilibonyeza tumbo mara moja, akaona uso wa baba, hakubonyeza tena. Aliuliza kuhusu dawa. Nikamwambia vidonge vya magoti. Akaniangalia.

"Nataka picha ya kifua," alisema.

"Kifua?" Damu ilinipanda. "Daktari, mzee anaumwa tumbo!"

Mwingine angenifukuza. Yeye alinieleza. Alisema vidonge vile huchubua mfuko wa chakula, na siku nyingine hutoboa kabisa. Ukitoboka, hewa iliyomo hutoka. Mtu akikaa wima, hewa hiyo hupanda juu, inakwenda kukwama chini ya ule ukuta mwembamba unaotenganisha tumbo na kifua. Picha inaionyesha hapo, weusi mwembamba uliojikunja kama kipande cha ukucha. "Nikiiona hiyo, sisubiri kitu, mzee anaingia upasuaji leo leo," alisema. "Nisipoiona, natafuta ugonjwa mwingine. Mpimaji wa altrasaundi hayupo mpaka Jumatatu, na mashine yetu ya sitiskani imekufa. Hiyo picha ndiyo jicho nililonalo." Akamgeukia nesi. "Akae wima kwanza, kwa muda wa kutosha hewa ipande, ndipo apigwe. Wima, tafadhali. Mkamwambie mpiga picha hivyo."

Kisha akampigia simu bingwa wa upasuaji aliyekuwa nyumbani kwake. Nilimsikia akisema, "Jiandae, bosi. Nasubiri picha tu."

"Nani yuko eksirei leo?" nilimuuliza nesi tukiisukuma machela.

"Bwana Picha," alisema. Ndivyo wanavyomwita mume wangu.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo kwenye korido, watu wakageuka kunitazama. Nilisema, afadhali, tuko mikononi mwa mtu wetu.

Mume wangu alifungua mlango, akamwona aliyelala, akashtuka. Hata hivyo aliinamisha kichwa kwanza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba alijibu. Tumbo limemshika vile, naye anaitikia. Marahaba!

"Kifua, amekaa wima," nesi alisema. "Daktari kasisitiza."

"Najua," mume wangu alisema, na alikuwa anajua, amefanya kazi hiyo tangu kabla hajanioa. Mlango ukafungwa. Nesi akaitwa kwingine. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango, nami nikabaki kwenye benchi, nimeshika viatu vya baba.

Nilimsikia mume wangu, kwa ile sauti yake ya ukweni. "Baba, naomba nikuinue kidogo."

Nikasikia machela ikigonga ukuta.

Kisha baba akapiga ukelele.

Sijui niueleze vipi. Baba aliwahi kuangukiwa na tofali kidoleni, kucha ikang'oka, akasema "aah" moja tu na kuendelea kujenga. Tulipomzika mama hakutoa sauti. Sauti ile niliyoisikia nyuma ya mlango haikuwa ya baba yangu ninayemjua, ilikuwa ya mtoto. Ikafuatiwa na ya baba mwenyewe, ya kukata: "Niache! Niache nilale!" Halafu maneno ya chini chini ambayo sikuyapata. Halafu mashine ikalia, ule mlio wake mfupi, na taa ikazimika.

Mume wangu alitoka na jasho jembamba usoni. Hakunitazama.

"Tayari?" nilimuuliza.

"Tayari."

Basi nikajua yamekwisha. Nilidhani amemkalisha, baba ameumia kidogo, imepita.

Daktari aliiweka picha kwenye kile kisanduku cha taa ukutani. Aliikaribia, akarudi nyuma, akaikaribia tena. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, roho mkononi, natafuta ule ukucha mweusi bila kujua nautafuta wapi. Mume wangu alikuwa mlangoni.

"Hakuna hewa," daktari alisema, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Sioni hewa." Akachukua simu. "Bosi, ni safi. Hakuna tobo. Inaweza kuwa kongosho, au vidonda vya kawaida vimechachamaa. Nampa dripu, nampa sindano ya maumivu, tumwangalie mpaka kesho." Yule bingwa, ambaye nadhani alikuwa ameshavaa viatu, akavua.

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Namwona mpaka leo. Alifungua mdomo, akamtazama baba aliyekuwa amelala pale machelani amefumba macho, akaufunga. Nilidhani anataka kusema pole. Mara wakamwita, kuna majeruhi wa ajali wameletwa, akaondoka mbio.

Jioni baba akapata nafuu. Ndiyo, nafuu! Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ugonjwa ule una tabia hiyo, hukuachia kidogo ukadhani umekwenda. Sisi hatukujua. Baba aliomba mto, akataka kujua nani ameshinda mpira. Akatoa timazi mfukoni kwa mkono usio na sindano, akaniagiza niining'inize kwenye kile chuma cha kuning'inizia dripu.

"Angalia," alisema. "Chuma chenyewe kimepinda. Mtu atapona vipi hapa?"

Tulicheka, shangazi na mimi, mpaka muuguzi akatuambia tupunguze. Shangazi akasema, "Si nilisema ni maharage?" Tukacheka tena. Nilifurahi mno siku ile, na ile furaha ndiyo inayoniuma kuliko hata kilio.

Mume wangu alipita baada ya zamu. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Baba alimtazama kwa muda.

"Mkwe," alisema, "ahsante kwa ya leo."

"Ahsante, baba."

Hawakusema jingine. Nikasema moyoni, angalia wanavyopendana hawa, bila maneno.

Asubuhi nilipoingia wodini nilijua kabla sijafika kitandani. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya shuka. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, mikono baridi, na pumzi inakwenda mbio kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Hakuuliza mpira. Niliita mpaka sauti ikanikauka, na safari hii yule bingwa alikuja mwenyewe, mtu mnene asiye na maneno mengi. Aligusa tumbo, akauliza picha iko wapi.

Hakuitazama kwa muda mrefu kama yule binti. Aliiweka kwenye taa, mara moja akageuka.

"Huyu alipigwa amelala," alisema.

"Nilisema wima," daktari kijana alisema. "Nilisisitiza."

"Amelala huyu. Angalia mfuko wa chakula. Mtu akiwa amekaa, maji hushuka, hewa hupanda, unaona mstari ulionyooka, mfano wa maji ndani ya glasi. Mstari uko wapi? Mtu akilala chali hewa inatawanyika mbele ya tumbo, picha kama hii huwezi kuitegemea. Wewe umetazama picha ya kulala ukaisoma kama ya kukaa."

Hapo nikaingilia kati. Mimi tena! "Samahani, daktari, alikuwa amekaa," nilisema, na nililisema hilo kwa jeuri. "Mume wangu ndiye aliyepiga. Anaijua kazi yake kuliko watu wote hapa."

Wakamwita. Alikuja na ile aproni yake nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, hata hakupata muda wa kuivua.

"Mgonjwa alikaa?" bingwa alimuuliza.

Nilimtazama nikisubiri aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumrushia yule mnene.

"Hapana," alisema mume wangu.

"Kama alishindwa kukaa, kuna njia ya kumlaza ubavu wa kushoto na kusubiri. Huijui?"

"Naijua."

"Ulimlaza ubavu?"

"Hapana."

"Ulimwambia daktari kwamba picha ni ya kulala?"

Mume wangu alitazama sakafu, ile sakafu anayoitafuta siku zote baba akiwepo. "Hapana," alisema.

Nikakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine.

Walimpeleka tena eksirei, na safari hii niliingia nao, hakuna aliyethubutu kunizuia. Walimkalisha. Hakupiga kelele, hakuwa na nguvu hizo tena. Shati lilikuwa limeshavuliwa zamani. Mume wangu ndiye aliyekaa nyuma yake kumshikilia, kifua chake juu ya mgongo mtupu wa baba, wakasubiri hivyo hewa ipande. Mwenzake akabonyeza mashine. Niliwaangalia, nikagundua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuwaona wamegusana zaidi ya mkono wa salamu.

Picha ilipotoka, hata mimi msusi niliuona. Si ukucha tena. Weusi mpana, kulia na kushoto.

"Tobo," bingwa alisema. "Tangu jana mchana."

Tulikuwa nje ya chumba cha upasuaji baba aliponishika mkono. Wauguzi walitaka kumwingiza, nikawaomba kidogo tu.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kuvuta. "Usimseme mume wako."

"Nyamaza, baba, usijichoshe."

"Nilimwamuru. Aliniinua, nikalia. Umesikia? Nililia mbele ya mkwe wangu, hata mkojo ulinitoka. Nikamwambia nilaze. Nikamwambia asimweleze mtu, haya yabaki humu humu chumbani. Akaniahidi." Akapumzika. "Mtoto mwenye adabu yule."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia, baba, mkojo! Kwa ajili ya mkojo? Lakini alikuwa ameshafumba macho, na machela ikaanza kusogea, nami nikambusu kwenye paji la uso, ambako kulikuwa baridi.

Tobo lenyewe, bingwa alisema, lilikuwa dogo, la kushona mara moja na kumaliza, kama angelifikia siku ile ile. Lakini uchafu ulikuwa umeshasambaa tumbo zima kwa usiku mmoja, ukaingia kwenye damu. Waliosha walichoweza. Baba hakuzinduka vizuri. Alikuwa akifungua macho na kutazama dari, na vidole vyake vikitembea juu ya shuka kana kwamba anatafuta kitu mfukoni. Nikamwekea timazi kiganjani. Alikufa kabla wiki haijaisha, amelazwa chali.

Kwenye msiba watu walikuja wengi, maana nusu ya nyumba za mji huu alizijenga yeye. Walimsifu mume wangu alivyohangaika, alivyobeba jeneza mbele. Hawakujua. Shangazi alijua, mimi ndiye niliyemwambia, na alikaa kwenye mkeka siku zote zile bila kumtazama. Siku ya mwisho, watu walipoanza kutawanyika, mume wangu akaenda kumuaga.

"Shangazi, tunarudi."

"Heshima gani hii?" shangazi alimwambia. Hakupandisha sauti. "Niambie, baba. Heshima gani hii ya kumzika mtu?"

Nilikumbuka aliponiambia nishukuru. Nadhani naye alikumbuka, kwa sababu alijifunika uso na khanga na kuanza kulia upya, akimwita kaka yake.

Hospitali walimpa mume wangu onyo, wakamrudisha kazini, kwani wapiga picha wenyewe wako wangapi? Mimi sikumrudisha. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana kila siku, saluni yangu iko barabara ya pili tu kutoka hospitali. Nikaacha. Anatoka asubuhi bila neno, anarudi jioni bila neno, tunalala tumepeana migongo. Ule ukimya niliokuwa nauringia mbele ya wenzangu ukawa umeijaza nyumba mpaka siwezi kupumua.

Siku moja nikalipuka. Nilikuwa naosha vyombo, nikaipiga sufuria kwenye sinki. "Lakini wewe ulikuwa unajua!" nilimwambia. "Yeye mwashi, hajui. Mimi msusi, sijui. Wewe unajua!"

"Niliahidi," alisema.

"Ungeivunja!"

"Alikuwa baba yako," alisema. "Alikuwa analia. Mzee Timazi analia, ananiambia niache. Mkono wangu ukaacha wenyewe." Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Nilisema nikitoka nitamwambia daktari. Nikatoka, nikamwona mzee amelala pale, nikasema nikiwaambia nilimpiga amelala wataniuliza kwa nini, nitawaambia nini? Halafu daktari akasema ni safi. Na mimi nilitaka iwe safi. Nilitaka sana."

Nilimaliza kuosha vyombo, nikaenda kulala. Nimemchukia mtu yule, Mungu anisamehe, nimemchukia na kumwonea huruma katika saa moja, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.

Kisha maneno yakaanza kunifikia saluni. Mteja mmoja alikaa kitini akaanza kulalamika kabla sijamfumua. Alikuwa hajui kwamba ni mume wangu. "Yule mpiga picha wa hospitali siku hizi amekuwa mkatili!" alisema. "Mama mkwe wangu kaenda na tumbo, kamkalisha kwa nguvu, mama wa watu analia, yeye hasikii. Zamani alikuwa mpole yule." Nikaendelea kuchana. Nikamuuliza mama mkwe anaendeleaje. "Alipasuliwa siku ile ile," alisema. "Yuko nyumbani, anatusumbua tu." Nilimsuka vibaya siku ile, ikabidi nirudie.

Jumanne iliyofuata nilipika. Sikuwa nimeamua lolote, nilipika tu, nikajaza chombo, nikavuka barabara.

Korido ilikuwa ile ile, benchi lile lile, na taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kwenye benchi alikaa dada mmoja wa umri wangu, amepakata koti la mwanamume na viatu vya mwanamume. Sikuwa na haja ya kumuuliza chochote.

"Baba yako?" nilisema hata hivyo.

"Tumbo," alisema. "Limemshika ghafla. Alikuwa anakula tu."

Nikakaa karibu yake, chombo magotini. Nyuma ya mlango nikamsikia mume wangu. "Mzee, nakuinua. Itauma."

Haikuwa ile sauti ya ukweni.

Ukelele ukatoka. Yule dada aliruka, viatu vikaanguka, akaufikia mlango na kuinua mkono agonge. "Anamfanya nini! Wewe! Unamfanya nini baba yangu!"

Chombo cha chakula kilidondoka, sikukijali. Nilimdaka mkono hewani kabla haujafika mlangoni, nikaukamata kwa mikono yangu yote miwili. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na alinitukana tusi ambalo sitalirudia.

"Mwache," nilimwambia. "Mwache akae."

"Analia! Humsikii? Baba yangu halii kamwe!"

"Namsikia," nilisema. Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuweza kuyafuta, kwa sababu nilikuwa nimemshika. "Namsikia, dada yangu. Mwache alie."

Ndani, yule mzee alikuwa akifoka kati ya pumzi na pumzi. "Huna adabu, kijana! Niachie! Hivi wewe huna baba mkwe?"

"Nilikuwa naye," mume wangu alisema. "Kaa hivyo hivyo, mzee. Bado kidogo."